Nyuki Aliye Chini

Maelekezo ni mafupi, na karibu kila mwenye simu amewahi kuyaona. Ukimkuta nyuki bustanini, yuko chini, anatambaa badala ya kuruka, chukua vijiko viwili vya sukari nyeupe na kijiko kimoja cha maji. Koroga mpaka sukari iyeyuke, kisha weka tone mbele yake. Subiri. Ukiwa na bahati utamwona akikunjua ulimi wake mrefu, atakunywa dakika moja au mbili, atatetemesha mabawa, halafu hayupo.

Mwaka 2018 maelekezo hayo yalisambaa duniani kupitia Facebook yakiwa na jina la David Attenborough, mtangazaji Mwingereza wa filamu za wanyama. Attenborough hakuwa ameyaandika. Ukurasa ulikuwa wa mtu mwingine aliyejivika jina lake, na BBC ikabidi waseme hivyo hadharani. Andiko lile lilibeba pia onyo: nyuki wakitoweka, binadamu watabakiwa na miaka minne tu ya kuishi. Onyo hilo nalo lina mazoea ya kuazima majina ya wakubwa. Mara nyingi hupewa Albert Einstein, aliyefariki mwaka 1955, ingawa halionekani katika maandishi yake yoyote. Lilianza kusikika sana mwaka 1994, wafugaji nyuki wa Ufaransa walipoandamana mjini Brussels kutetea biashara yao.

Hata hesabu yenyewe haisimami. Mahindi huchavushwa na upepo, na mpunga na ngano kwa sehemu kubwa hujichavusha zenyewe. Bila nyuki tungepoteza matunda mengi, mboga na mbegu za mafuta, na sahani zetu zingekuwa za huzuni, lakini ugali ungekuwepo.

Uongo huo mdogo si kitu cha kukosesha usingizi. Kinachonikwaza ni sababu iliyotolewa. Tunaambiwa tuiname, tumwokoe nyuki, kwa kuwa asipokuwepo yeye na sisi hatutakuwepo. Ni hoja ya mkopeshaji: nakupa tone, nawe unilipe chakula. Tumeizoea hivi kwamba hatuoni tena kuwa ni hoja. Lakini historia ina kisa kimoja ambamo hoja hii ilitumika hadi mwisho wake, kwa nyuki na kwa watu kwa pamoja, na mhusika wake mkuu ndiye aliyekipa kisahani cha maji ya sukari nafasi yake katika sayansi. Jina lake ni Karl von Frisch.

*

Von Frisch alizaliwa Vienna mwaka 1886, katika ukoo wa madaktari na maprofesa. Mama yake alinunua kinu cha zamani mahali paitwapo Brunnwinkl, kando ya ziwa Wolfgangsee nchini Austria, na kila kiangazi ukoo mzima ulikusanyika huko. Mtoto Karl alifuga wanyama wa kila aina, na mama yake alimvumilia.

Karibu na mwaka 1910 alikuwa mwalimu kijana wa zoolojia katika Chuo Kikuu cha Munich, na akajikuta katika ugomvi na mtu mzito kuliko yeye. Carl von Hess, mkuu wa kliniki ya macho mjini humo, alikuwa ametangaza kwamba samaki na wadudu hawaoni rangi. Kwao dunia ni mwanga na giza tu. Von Frisch hakukubali. Kama nyuki haoni rangi, aliuliza, maua yanajipamba kwa ajili ya nani?

Jaribio lake lingeweza kufanywa na mwanafunzi wa sekondari yeyote mwenye subira. Mezani alipanga karatasi za kijivu, kuanzia iliyokaribia weupe hadi iliyokaribia weusi. Katikati yake aliweka karatasi moja ya buluu. Juu ya kila karatasi aliweka kisahani cha kioo, ila maji ya sukari yalikuwa kwenye kisahani cha buluu peke yake. Nyuki walikuja, wakanywa, wakarudi tena na tena. Kisha akaondoa vyote, akaweka visahani vitupu na safi, akaihamishia karatasi ya buluu mahali pengine. Kama nyuki angekuwa haoni rangi, kijivu kimojawapo kingekuwa kwake sawa na buluu, na angepotea. Hawakupotea. Walitua kwenye buluu na kukitafuta chakula kisichokuwepo. Alipojaribu nyekundu, nyuki waliichanganya na kijivu cha giza na nyeusi. Nyekundu hawaioni. Matokeo yalichapishwa mwaka 1914.

Katika jaribio hilo sukari ilifanya kazi ya swali. Von Frisch hakuwa akimlisha nyuki kwa huruma. Alimwekea tone ili amjibu. Hata hivyo swali zuri lina adabu yake: linamchukulia anayeulizwa kuwa ana kitu cha kusema.

Waswahili husema, fuata nyuki ule asali. Von Frisch aliugeuza msemo huo. Alitoa utamu kwanza, kisha akafuata. Mwaka 1919, katika ua wa taasisi ya zoolojia Munich, aliweka mzinga wa vioo wenye sega moja lililosimama wima, ili lolote litokealo ndani lionekane. Nyuki waliofika kwenye kisahani aliwatia doa la rangi mgongoni. Baadaye aliutengeneza utaratibu huo ukawa kama namba za magari: rangi tano, zikiwekwa mahali tofauti pa kifua na tumbo, zilimwezesha kuwatambua nyuki mamia kadhaa, mmoja mmoja. Ndani ya mzinga wenye makumi ya maelfu, akawa na uwezo wa kusema: huyu ni fulani, jana alikuja mara saba.

Nyuki mmoja aliyetiwa rangi alirudi mzingani ameshiba maji ya sukari, akaanza kukimbia kwa kuzunguka duara juu ya sega, huku na huku, na wenzake wakamfuata wakimgusa kwa vipapasio. Muda mfupi baadaye wale wenzake walikuwa kwenye kisahani. Von Frisch alikuja kuandika kwamba hakuna alichowahi kukiona maishani kilichozaa matunda kama hicho.

Mwaka 1923 alichapisha maelezo yake. Nyuki wana ngoma mbili, alisema. Ngoma ya duara inatangaza mbochi. Ngoma ya pili, ambamo nyuki hutikisa tumbo huku akikimbia mstari mfupi ulionyooka, inatangaza chavua. Ilikuwa nadharia safi, na haikuwa sahihi. Chanzo cha kosa kilikuwa kisahani chenyewe: kiliwekwa karibu na mzinga, wakati waliobeba chavua walitoka mbali. Alichokiona kama tofauti ya chakula kilikuwa tofauti ya umbali. Ilimchukua miaka zaidi ya ishirini kuligundua hilo, na katikati ya miaka hiyo ikaja serikali iliyokaribia kumfukuza kazini.

*

Tarehe 7 Aprili 1933, wiki chache baada ya Hitler kushika madaraka, Ujerumani ilitunga sheria ya kuwaondoa Wayahudi na wapinzani katika utumishi wa umma. Maprofesa wa vyuo vikuu walikuwa watumishi wa umma. Kila mmoja alitakiwa kuthibitisha ukoo wake hadi kwa mababu na mabibi. Von Frisch aliweza kuonyesha karatasi za wote isipokuwa za bibi yake mzaa mama, aliyetoka katika familia ya Kiyahudi na kubatizwa Mkatoliki kabla ya kuolewa.

Kwa miaka kadhaa suala hilo liliachwa likae. Lakini chuoni kulikuwa na watu waliomtaka aondoke, baadhi wakiwa wanachama wakereketwa wa chama cha Nazi. Walimshitaki kwamba amewapa Wayahudi nafasi katika maabara yake, na kwamba sayansi yake ni finyu na haina roho ya taifa. Walichimba mpaka wakampata yule bibi. Mwanzoni mwa mwaka 1941 von Frisch alipata taarifa: kwa mujibu wa sheria za mbari alihesabiwa robo Myahudi, na atastaafishwa. Angepoteza kiti chake na taasisi aliyoijenga mwanzoni mwa miaka ya 1930 kwa msaada wa fedha za Rockefeller Foundation ya Marekani. Angepoteza pia mizinga yake.

Wakati huohuo, nyuki wa Ujerumani walikuwa wanaanguka.

*

Hapa inafaa tusimame kidogo tumtazame nyuki aliye chini, maana swali la kwa nini hawezi kuruka limewahangaisha watu wengi wenye akili. Mwaka 1906 wafugaji wa kisiwa cha Isle of Wight, kusini mwa Uingereza, walianza kuwaona nyuki wao wakitambaa majanini mbele ya mizinga, kwa mamia, mabawa yakiwa yametenguka, wasiweze kupaa. Ugonjwa ulivuka hadi bara na kuimaliza mizinga mingi nchini humo. Wachunguzi wa kwanza walilaumu kimelea cha tumboni. Mwaka 1921 watafiti wa Scotland walieleza utitiri mdogo unaoishi katika mirija ya kupumulia ya nyuki, na kwa miongo kadhaa utitiri ndio ukawa jibu la vitabuni. Baadaye, Leslie Bailey, mtafiti wa magonjwa ya nyuki, alionyesha kwamba virusi vinavyowapoozesha nyuki vinaweza kuleta dalili zilezile, na kwamba chini ya jina moja la ugonjwa huenda yalikusanywa mambo kadhaa. Nyuki aliye chini hana lugha ya kueleza kinachomuuma. Anatambaa tu, na kutambaa kwa njaa hufanana na kutambaa kwa sumu.

Kilichowaangusha nyuki wa Ujerumani katika miaka ya vita kilijulikana kwa jina: Nosema apis, kimelea kilichoelezwa na Enoch Zander wa Erlangen mwaka 1909. Kinaishi katika utumbo wa nyuki na kuziharibu chembe za kuyeyusha chakula. Nyuki huzeeka kabla ya wakati, hawezi kuutunza mzinga, naye hufia nje akiwa mchanga. Kati ya 1940 na 1942 makundi ya nyuki laki kadhaa yaliangamia.

Serikali iliyokuwa vitani ilishtuka. Ujerumani ilihitaji matunda, mbegu za mafuta na majani ya kulishia mifugo, na vyote vilihitaji uchavushaji. Ilihitaji asali na nta. Wizara ya chakula ikatafuta mtu wa kuchunguza janga hilo, na hakuna aliyewajua nyuki kuliko yule profesa aliyekuwa kwenye orodha ya kustaafishwa. Wenzake waliomtetea waliishika nafasi hiyo kwa mikono miwili. Waliacha kuzungumzia haki, wakazungumzia chakula. Suala lilipanda ngazi hadi kwa Martin Bormann, mmoja wa watu waliokuwa karibu kabisa na Hitler, na mwaka 1942 uamuzi ukatoka: kustaafishwa kwa von Frisch kuahirishwe mpaka vita viishe.

Vita viliisha kabla ya serikali hiyo kupata nafasi ya kutimiza neno lake. Von Frisch alibaki na taasisi yake kwa sababu nyuki waliumwa.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama hadithi tamu: mtu aliyewapenda nyuki, na nyuki wakamlipa. Utamu wake unapungua ukiangalia kalenda. Tarehe 20 Novemba 1941, wakati faili la von Frisch likizunguka ofisini, treni iliondoka Munich na Wayahudi wapatao elfu moja wa mji huohuo, wakubwa kwa watoto. Ilipelekwa Kaunas, Lithuania. Tarehe 25 Novemba wote walipigwa risasi. Walikuwa majirani, washonaji, walimu, wauza vitabu. Hakukuwa na janga la nyuki la kuwatetea.

Hapo ndipo ile hoja ya mkopeshaji inapoonyesha meno. Utawala uliomwacha von Frisch haukubadili mawazo juu ya bibi yake. Ulipiga hesabu tu ya nani ana faida na nani hana, kwa sasa, na kwa muda gani. Nyuki walihesabiwa kwa kipimo hichohicho. Mtu aliyeokolewa kwa kuwa anafaa hajaokolewa kabisa. Ameahirishwa, na neno hilo ndilo hasa lililoandikwa katika uamuzi wake.

Von Frisch hakuwa shujaa wa upinzani. Aliendelea na kazi, akaunda hoja zake kwa lugha ambayo ofisi zile zilitaka kuisikia: chakula, mavuno, taifa. Akichunguza ugonjwa huo pamoja na wasaidizi wake, hasa mwanabiolojia Ruth Beutler, alijaribu pia kuwaelekeza nyuki kwenye mimea iliyotakiwa. Aliwawekea mzingani maji ya sukari yenye harufu ya ua fulani, kisha nyuki wakatoka kulitafuta ua hilo mashambani. Kisahani kilekile cha maswali kilikuwa sasa kinatoa maagizo.

*

Julai 1944 mabomu ya Washirika yaliivunja taasisi ya Munich pamoja na nyumba ya von Frisch. Alihamia Brunnwinkl na mizinga yake, kwenye kile kinu cha mama yake kando ya ziwa. Hakuwa na maabara. Alikuwa na nyuki, visahani na milima.

Safari hii akasogeza visahani mbali. Katika kiangazi hicho na kile cha 1945, utawala ulipokuwa umeanguka na barabara zimejaa wakimbizi, aliona alichokikosa mwaka 1923. Chakula kikiwa karibu, chini ya mita mia moja hivi, nyuki hucheza ngoma ya duara. Kikiwa mbali, hucheza ile ya kutikisa tumbo, iwe ni mbochi au chavua. Na katika ngoma hiyo ya pili mna ramani. Umbali ukiongezeka, mwendo wa ngoma hupungua na mtikisiko hurefuka. Uelekeo nao umefichwa katika pembe. Ndani ya mzinga ni giza, na sega limesimama wima, hivyo nyuki hulichukua jua na kuliweka juu. Akikimbia kwenda juu moja kwa moja, anamaanisha: rukeni kulielekea jua. Akikimbia kwa kuinama nyuzi sitini kushoto, anamaanisha: nyuzi sitini kushoto mwa jua. Mdudu mwenye ubongo mdogo kuliko punje ya ufuta alikuwa akitafsiri anga kuwa ukuta.

Von Frisch alichapisha ugunduzi huo mwaka 1946, akikiri kwamba maelezo yake ya zamani hayakuwa sawa.

Mwanafunzi wake aliyekuja kuwa maarufu zaidi, Martin Lindauer, alimfikia kupitia jeraha. Alikuwa askari aliyeumizwa katika uwanja wa vita wa mashariki. Akiwa anatibiwa Munich aliingia katika mhadhara wa von Frisch, na baadaye alieleza kwamba pale, baada ya aliyoyaona vitani, alikutana tena na dunia ya kiutu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Lindauer aliona jambo la ajabu: nyuki wanaocheza juu ya kundi lililohama na kutundikwa tawini wakawa wachafu. Wengine walikuwa weusi kwa masizi, wengine wekundu kwa vumbi la matofali. Walikuwa wametoka kukagua mabomba ya moshi na mianya katika magofu ya Munich, wakitafuta nyumba mpya, na kila mmoja alirudi amepakwa mahali alipopapendekeza. Mji ulioteketea ulikuwa, kwa nyuki, mtaa wenye nafasi nyingi za kupanga.

Mwaka 1973 von Frisch alipata Tuzo ya Nobel ya Fiziolojia au Tiba, akigawana na wenzake wawili katika elimu ya tabia za wanyama. Mmoja alikuwa Konrad Lorenz, aliyejiunga na chama cha Nazi mwaka 1938. Mwingine alikuwa Nikolaas Tinbergen wa Uholanzi, ambaye Wanazi walimshikilia mateka kambini kwa takriban miaka miwili. Watatu hao walitajwa kwa pumzi moja katika tangazo la tuzo: mwanachama, mateka, na yule aliyeahirishwa.

*

Turudi kwenye kijiko cha sukari, tukiwa na maarifa ambayo von Frisch na waliomfuata walituachia.

Nyuki akiwa chini, yapo mambo kadhaa yanayowezekana. Huenda ana baridi. Misuli yake ya kurukia haifanyi kazi mpaka ipate joto, na asubuhi ya ukungu Limuru au Njombe humkuta amenasa mahali alipotua jana jioni. Huyo anahitaji jua tu, naye utamwona akitetemeka mwenyewe kama mtu anayewasha injini. Huenda ana njaa, ameishiwa mafuta katikati ya safari. Huyo ndiye wa tone la sukari. Huenda amekula sumu ya shamba la jirani, na hapo utamwona akizunguka-zunguka kwa mgongo, ulimi nje. Huenda anaumwa. Kwa hao wawili sukari haifanyi lolote.

Au amezeeka. Nyuki kibarua wa msimu wa kazi huishi wiki sita hivi. Wiki za kwanza husafisha, hulisha majana, hujenga masega, hulinda mlango. Wiki za mwisho hutumwa nje, kwa kuwa nje ndiko kwenye hatari na mzinga hupeleka hatarini wale ambao umeshawatumia. Mabawa hayaoti tena yakichanika. Ukimtazama kwa karibu utaona pindo zake zimeliwa kama kanga ya miaka mingi.

Maelekezo yale ya simuni yalitoka nchi za baridi, ambako kuna nyuki wanene wenye manyoya ambao malkia wao hulala ardhini majira yote ya baridi, kisha huamka peke yake akiwa na njaa, kundi lake zima la mwaka huo likiwa bado mayai tumboni mwake. Tone moja kwa malkia huyo linaweza kuwa mamia ya nyuki wa kiangazi. Nyuki hao hawapo Afrika kusini mwa Sahara. Yule mkubwa mweusi anayetoboa mbao za paa lako ni wa jamii nyingine. Kwetu, anayetambaa barazani kwa kawaida ni nyuki wa asali, kibarua, na kundi lake halitategemea uhai wake. Ndani ya mzinga wapo nyuki ambao kazi yao ni kubeba maiti na kwenda kuzitupa nje, na wanaendelea vizuri bila huyu.

Usimpe asali. Asali ya dukani inaweza kubeba mbegu za bakteria waozeshao majana, mbegu zinazoishi makumi ya miaka, naye akinusurika atazipeleka nyumbani. Usimwachie sahani iliyojaa, atazama. Usimmwagie, sukari ikikauka hugandisha mabawa. Ukitaka kuwafaa nyuki kama taifa, kijiko kiweke chini kabisa, panda vitu vinavyotoa maua kwa zamu mwaka mzima, na usipulizie dawa mimea ikiwa imechanua.

Kwa hiyo tone lako, kwa huyu mzee mmoja, halitaokoa uchavushaji. Halitaongeza embe hata moja sokoni Kariakoo. Kwa kipimo cha Bormann, na hata kwa kipimo cha yule Einstein wa kubuni, umepoteza sukari. Ofisi zilizolizungusha faili la von Frisch zisingeelewa kwa nini uliinama, maana mtu hawezi kuijaza fomu yao kwa sababu kwamba kiumbe fulani yuko hai na ana kiu.

Mwekee sukari kidogo kwenye ncha ya kijiti, karibu na kichwa chake, kisha umpishe. Akiruka, ana alasiri moja zaidi. Huenda ataitumia kutafuta maua, na huenda jioni mahali fulani gizani atapanda ukutani na kuwaonyesha wenzake, kwa pembe ya jua, ilipo nyumba yako.